Chungu Kimoja cha Nyumbani: Kuishi na Moyo Uliodhoofu Mji wa Kale

Kushindwa kwa moyo ni jina linalotisha kuliko maana yake, kwa kuwa anayelisikia kwa mara ya kwanza hudhani kwamba moyo umesimama au u karibu kusimama, ilhali madaktari hukusudia hali ambayo msuli wa moyo umedhoofu au umekakamaa hata ukawa hauwezi kusukuma damu ya kuutosheleza mwili. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kila dakika na hupiga kiasi cha mara 100,000 kwa siku. Ukipungukiwa na nguvu, damu inayorudi kutoka mwilini hukawia kama maji katika mfereji uliojaa tope, na majimaji yake hupenya nje ya mishipa yakajikusanya mapafuni, miguuni na tumboni. Katika mitaa ya Mombasa ugonjwa huu hujulikana zaidi kwa jina la moyo mkubwa, au moyo uliotanuka, nalo si jina baya, kwa sababu moyo unaolemewa mara nyingi hutanuka kweli, ingawa wako wagonjwa wengi ambao mioyo yao haikutanuka bali kuta zake zimekakamaa kwa presha ya miaka mingi, na hao nao hufura miguu na kukosa pumzi vilevile. Tofauti hiyo huonekana kwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ambayo humwonyesha daktari ni kiasi gani cha damu kinachotolewa katika kila pigo: moyo mzima hutoa nusu au zaidi ya damu iliyomo katika chumba chake kikuu, na ukitoa asilimia 40 au chini ya hapo huhesabiwa kuwa umedhoofu waziwazi.

Mji wa Kale wa Mombasa una mahali pake maalumu ambapo ugonjwa huu hujifichua. Nyumba nyingi za huko ni za ghorofa, na ngazi zake ni nyembamba na zimesimama wima, hivyo mtu aliyezipanda miaka 30 bila kuzihesabu huanza kuzihesabu, kisha huanza kusimama katikati akishika ukuta. Mwingine huona shida kwanza msikitini, kwa sababu kuinama kwa rukuu na sijida huusukuma mzigo wa damu kuelekea kifuani, na moyo uliodhoofu hushindwa kuuhimili, basi mtu hutoka katika sijida akitweta kana kwamba alikuwa akikimbia. Kukosa pumzi kwa kuinama ni dalili inayotambuliwa na wataalamu, si uzee wala uvivu wa ibada. Usiku mgonjwa huongeza mto wa pili, halafu wa tatu, na wakati mwingine huzinduka ghafla akitafuta dirisha, huku kikohozi kikavu kinachokuja akilala chali kikidhaniwa ni mafua yasiyopona. Jioni viatu hubana, na kidole kikibonyezwa juu ya kifundo cha mguu huacha shimo ambalo hukawia kujaa.

Presha ndiyo mlango mkuu ambao ugonjwa huu huingilia katika sehemu hii ya dunia. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2012, uliwafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa sababu ya moyo kushindwa, ukakuta kwamba karibu nusu yao waliupata kutokana na presha, wengine kutokana na valvu za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utotoni, na wachache tu, chini ya mmoja katika kila 10, kutokana na mishipa ya moyo kuziba, ambayo ndiyo sababu kuu huko Ulaya na Marekani. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na kwa hesabu hiyo mgonjwa wa Kiafrika huugua akiwa bado ana watoto shuleni na duka la kufungua asubuhi, wakati mwenzake wa Ulaya kwa kawaida huugua akiwa amekwisha kupita miaka 70. Karibu wagonjwa 18 katika kila 100 walikuwa wamefariki kabla ya miezi 6 kwisha. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 nao ulionyesha kwamba takriban robo ya watu wazima walikuwa na presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wote hawakuwahi kupimwa presha hata mara moja maishani.

Dawa zipo, tena ni bora kuliko zilivyokuwa miaka 30 iliyopita. Mgonjwa ambaye moyo wake umedhoofu kwa kawaida huandikiwa makundi manne ya dawa zinazoutua moyo mzigo na kurefusha maisha, pamoja na vidonge vya kukojoza, ambavyo kazi yake ni kuyatoa maji yaliyozidi. Hata hivyo, daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache kila baada ya wiki au miezi kadhaa, na saa zote zilizobaki mgonjwa huwa nyumbani kwake, akila kinachopikwa, akinywa kinachomiminwa na kupanda ngazi zilizopo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tiba huwa mikononi mwa watu wasiojua kwamba wanatibu, na wa kwanza kati yao ni yule anayeshika mwiko.

Chumvi ndiyo kiini cha jambo hili, na inafaa ielezwe inavyofanya kazi badala ya kukatazwa tu. Maji ya mwili yaliyo nje ya seli huwa na takriban gramu 9 za chumvi katika kila lita, na figo hujitahidi kukilinda kiwango hicho kisipande wala kisishuke; basi figo za mtu ambaye moyo wake ni dhaifu, zikiona damu inayozifikia ni kidogo, hudhani mwili umekaukiwa, nazo huizuia chumvi isitoke, na kila chumvi inapobaki maji hubaki nayo. Gramu 9 ni chini ya vijiko viwili vidogo vya chai. Mgonjwa anayezuia kiasi hicho cha chumvi mwilini huwa ameongeza lita nzima ya maji, ambayo ni kilo nzima ya uzito, na moyo uleule uliokuwa ukilalamika hulazimika kuisukuma hiyo pia. Shirika la Afya Duniani humshauri mtu mzima yeyote, hata aliye mzima kabisa, asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima vikijumlishwa, na katika jikoni nyingi za pwani kijiko hicho humalizika kabla ya adhuhuri.

Mapishi ya Mji wa Kale yana fadhila na hatari zake. Fadhila ni kwamba ladha yake haikujengwa juu ya chumvi pekee: pilau husimama kwa bizari nyembamba, mdalasini, iliki na karafuu, samaki wa kupaka husimama kwa ukwaju, tangawizi na tui, na ndimu hukamuliwa karibu kila mahali, kwa hiyo mpishi anayejua viungo vyake anaweza kuipunguza chumvi nusu na mlaji asiyeambiwa asitambue, hasa ikipunguzwa kidogo kidogo, kwa maana ulimi huzoea chumvi ndogo baada ya wiki kadhaa. Hatari imejificha katika vitu ambavyo havihesabiwi kuwa chumvi. Ng'onda na papa mkavu huhifadhiwa kwa chumvi, na kuwaroweka usiku kucha na kuyamwaga maji yake hupunguza chumvi bila kuimaliza. Achari ya embe na ndimu za kutiwa chumvi, ambazo huwekwa pembeni mwa sahani kama kitu kidogo tu, huweza kubeba chumvi nyingi kuliko wali wote uliomo katika sahani hiyo. Vidonge vya mchuzi na unga wa kuongezea ladha kwa sehemu kubwa ni chumvi iliyotiwa rangi. Baking powder na magadi navyo vina sodiamu, ambayo ndiyo sehemu ya chumvi inayovuta maji, na ndiyo maana anayesoma maandishi ya pakiti anapaswa kujua kwamba gramu 1 ya sodiamu ni sawa na gramu 2.5 za chumvi. Muhogo wa kukaanga unaonyunyiziwa chumvi na pilipili kando ya bahari, embe bichi la watoto wa shule, kachri na bhajia za alasiri, vyote huingia katika hesabu ileile ya kijiko kimoja.

Shida ya kweli, hata hivyo, si ya mapishi bali ya sinia. Familia inayokula pamoja haipendi kumpikia mtu mmoja chungu chake, na mgonjwa mwenyewe, hasa akiwa baba au bibi wa nyumba, huona haya kutengwa na chakula cha wenziwe, basi baada ya wiki mbili za chakula cha hospitali, kama kinavyoitwa kwa kejeli, hurudi katika sinia la wote na chumvi yake yote. Suluhisho la kumpikia mgonjwa peke yake mara nyingi halidumu. Linalodumu ni kuipunguza chumvi ya chungu chote, na hapo nyumba nzima hufaidika, kwa sababu presha iliyomfikisha mgonjwa alipo huenda ikawa imekwisha kuanza kimya kimya kwa ndugu na watoto wake wanaokula naye. Anayetaka chumvi zaidi ataitia mwenyewe katika sahani yake, kwa kijiko kinachoonekana.

Historia ina kisa kimoja ambacho watu wa pwani, wapenda wali, watakifurahia. Katika miaka ya 1940, kabla ya kupatikana vidonge vizuri vya kukojoza, daktari Mjerumani aliyehamia Marekani, Walter Kempner wa Chuo Kikuu cha Duke, aliwalisha wagonjwa wake wa presha kali wali usiotiwa chumvi, matunda, maji ya matunda na sukari, wala hakuwapa chakula kingine, na kwa wengi wao presha ilishuka na picha za eksirei zikaonyesha moyo uliotanuka ukirudi nyuma. Chakula hicho kilichosha mno, na dawa za mwishoni mwa miaka ya 1950 zilipokuja kilisahaulika upesi, lakini kiliacha ushahidi kwamba mchele wenyewe hauna lawama, na kwamba lawama ni ya kinachotiwa ndani yake.

Haifai pia kulitia jambo hili chumvi, kwa maana nyingine ya neno hilo. Utafiti uliofanywa katika nchi 6, uliochapishwa mwaka 2022 na kuwahusisha wagonjwa 806 wa moyo, uliwataka baadhi yao waishushe sodiamu hadi chini ya gramu 1.5 kwa siku, yaani chini ya gramu 4 za chumvi, ukaona kwamba hawakupungukiwa na vifo wala kulazwa kuliko wenzao, ila walijisikia nafuu kidogo katika pumzi na shughuli zao. Hukumu ya busara ni kwamba mgonjwa hahitaji kula chakula kisicho na chumvi kabisa hata akapoteza hamu na kukonda, bali anahitaji kuacha kuzidisha, na katika pwani kuacha kuzidisha peke yake ni safari ndefu ya kutosha.

Juu ya maji, mawaidha yamebadilika. Kwa miaka mingi wagonjwa waliambiwa wasipitishe lita moja na nusu ya vinywaji kwa siku, wakavumilia kiu hata katika joto la kaskazi, lakini utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2025 juu ya wagonjwa 504 ambao hali zao zilikuwa zimetulia ulionyesha kwamba waliobanwa kwa kiasi hicho hawakupata nafuu kuliko walioachiwa wanywe wanavyotaka, isipokuwa waliteswa zaidi na kiu. Kwa hiyo aliyetulia hana haja ya kujinyima maji, hasa katika Mombasa ambako jasho hutoka hata kivulini, na ambako mtu anayemeza vidonge vya kukojoza huku akihara au kutokwa na jasho jingi anaweza kukaukiwa hata akapata kizunguzungu na kuanguka. Aliyefura, au ambaye sodiamu ya damu yake imeshuka, bado huwekewa mpaka na daktari wake, na njia rahisi ya kuuheshimu mpaka huo ni kujaza chupa ya lita moja na nusu kila asubuhi, kisha kila anapokunywa chai, uji, supu au maji ya matunda, kumimina kiasi kama hicho kutoka katika chupa na kukiweka kando kwa matumizi mengine, hivi kwamba chupa ikiisha, siku imekwisha. Kahawa chungu inayomiminwa kutoka katika dele, kwa vikombe vyake vidogo, haina neno kwa wagonjwa wengi ikinywewa kwa kiasi, ingawa halua inayoandamana nayo ina kesi yake, hasa kwa mwenye kisukari.

Chombo chenye thamani kuliko vyote katika nyumba ya mgonjwa ni mzani wa kupimia uzito. Mafuta ya mwili hayaongezeki kwa kilo 2 katika siku tatu. Kinachoongezeka kwa kasi hiyo ni maji, nayo huanza kuonekana katika mzani siku kadhaa kabla ya kuonekana miguuni au kusikika kifuani. Mgonjwa hujipima kila asubuhi baada ya kwenda haja ndogo na kabla ya kula, akiwa na nguo nyepesi zilezile, mzani ukiwa juu ya sakafu ngumu na si juu ya mkeka au zulia, na huandika namba hiyo katika daftari au kalenda ya ukutani pamoja na tarehe. Uzito ukipanda kwa zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, ni wakati wa kumtafuta daktari au muuguzi, na wako wagonjwa ambao wamekwisha kufundishwa kuongeza kidonge cha kukojoza wenyewe kwa kipimo walichoandikiwa. Daftari hilo likipelekwa kliniki humweleza daktari mambo ambayo mgonjwa mwenyewe hayakumbuki.

Kulala kitandani, ambako zamani kulihesabiwa kuwa tiba, sasa kunajulikana kuwa hudhoofisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka Marekani, Kanada na Ufaransa juu ya wagonjwa 2,331 ulionyesha kwamba mazoezi yaliyopangwa ni salama kwa walio na moyo dhaifu uliotulia, na kwamba huwapa nafuu ya maisha, ingawa si muujiza. Hakuna haja ya ukumbi wa mazoezi. Barabara ya Mbarak Hinawy, inayoanzia karibu na Fort Jesus na kupita Msikiti wa Mandhry kuelekea Bandari ya Kale, ni njia inayoweza kutembewa asubuhi baada ya sala ya alfajiri, wakati jua halijapanda na pikipiki hazijawa nyingi, na mafundi wa zamani waliojenga baraza za mawe mbele ya nyumba waliwaachia wagonjwa wa leo viti vya kupumzikia karibu kila baada ya hatua chache. Mgonjwa huanza kwa dakika 5 au 10 na kuongeza kidogo kila wiki, akishika kanuni moja: aende mwendo ambao anaweza kuzungumza na mwenzake bila kukatikiwa na maneno. Akiumwa kifua, akipatwa na kizunguzungu au akikosa pumzi hata baada ya kuketi, husimamisha zoezi siku hiyo na kuieleza kliniki, na maumivu ya kifua yasipokwisha akiketi hupelekwa hospitali papo hapo. Anayelala ghorofa ya juu na kushuka mara sita kwa siku atafaa ahamishiwe kitanda chini, si kwa sababu ngazi ni haramu, bali ili nguvu zake alizonazo azitumie katika matembezi anayoyachagua badala ya kuzimaliza akifuata simu aliyoisahau.

Duka la dawa lina hatari yake pia, na hapa mgonjwa huangushwa na nia njema. Maumivu ya magoti na mgongo ni ya kila siku kwa watu wa makamo, na vidonge vya ibuprofeni na diklofenaki hununuliwa bila cheti cha daktari, ilhali dawa za kundi hilo huzifanya figo zizuie chumvi na maji, na zinaweza kumrudisha hospitalini mtu aliyekuwa ametulia. Parasetamoli ya kawaida ni salama zaidi, ila ile inayochemka majini ina sodiamu nyingi katika kila kidonge. Chumvi mbadala inayouzwa kuwa ni chumvi ya wenye presha kwa kawaida hutengenezwa kwa potasiamu, na kadhalika dafu, kinywaji kitamu na safi ambacho pwani hukiona kuwa dawa ya kila kitu, lina potasiamu nyingi. Kwa mtu mzima hilo ni jema, lakini baadhi ya dawa muhimu za moyo huibakiza potasiamu mwilini, na ikizidi mno huvuruga mapigo ya moyo. Dafu moja si sumu, bali madafu matatu kila siku ni jambo la kumwuliza daktari, hasa kwa mwenye figo zilizochoka. Mitishamba, habasoda na hijama vina nafasi yao katika imani na mila za watu, na daktari mwerevu hatavidharau, mradi mgonjwa asiviweke mahali pa vidonge vyake na asifiche kwamba anavitumia.

Vidonge vyenyewe huachwa kwa sababu ambazo mara nyingi hazisemwi kliniki. Mwanamke anayekwenda harusini, au mzee anayevuka kivuko cha Likoni, huacha kidonge cha kukojoza kwa kuogopa kukosa choo njiani, na siku moja huwa siku tatu. Wengi wao hawakuambiwa kwamba kidonge hicho kinaweza kusogezwa kikamezwa alasiri, baada ya kurudi nyumbani. Mwingine hupata kikohozi kikavu kinachosababishwa na dawa fulani ya moyo, akaitupa yote, ilhali ipo nyingine ya kuchukua nafasi yake. Mwingine hujisikia vizuri, akahesabu kwamba amepona.

Sigara na tumbaku ya kutafuna, ikiwemo ile inayofungwa ndani ya tambuu, huibana mishipa na kuharakisha moyo, na juu yake hakuna mjadala. Muguka na miraa vina kemikali inayofanana na amfetamini, ambayo hupandisha presha na mapigo ya moyo kwa saa kadhaa, na mtumiaji hukesha na kukosa hamu ya chakula juu ya hayo. Mwezi Mei 2024 Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, amri ambayo mahakama iliisimamisha muda mfupi baadaye, na vuta nikuvute ya biashara na siasa ikaendelea. Kwa mwenye moyo dhaifu, hata hivyo, hukumu ya daktari haingojei ya mahakama.

Ramadhani ndiyo swali kubwa la Mji wa Kale. Sura ya Al-Baqarah imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku zake baadaye, na asiyetarajia kupona hutoa fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku, lakini ruhusa hiyo huonwa na wengi kuwa ni ya watu wengine. Mgonjwa ambaye hali yake imetulia, asiyefura na anayetembea bila kutweta, mara nyingi anaweza kufunga baada ya kushauriana na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, dawa zake zikigawanywa kati ya futari na daku. Yule anayekosa pumzi akiwa ameketi, aliyetoka hospitalini karibuni, au anayehitaji vidonge vingi vya kukojoza mchana, hujiweka hatarini. Miaka ya 2025 na 2026 Ramadhani imeangukia kati ya Februari na Machi, miezi ya joto kali Mombasa, na saa 13 hivi bila maji kwa mtu anayekojoshwa si jambo dogo. Futari nayo ina mtihani wake: viazi karai, sambusa, mbaazi za nazi na mahamri, vikiliwa vyote kwa pupa baada ya adhana, huuletea moyo chumvi na kazi ya kumeng'enya kwa wakati mmoja, na ndiyo maana watu wengine huzidiwa baada ya kufuturu na si kabla yake.

Wanawake wanastahili neno la pekee. Upo ugonjwa wa msuli wa moyo unaokuja mwishoni mwa ujauzito au katika miezi 5 ya kwanza baada ya kujifungua, nao huonekana zaidi kwa wanawake wa asili ya Kiafrika. Katika arubaini ya uzazi, mama akifura miguu na kukosa pumzi, wakubwa huweza kusema ni uchovu wa mtoto au unono wa uji, na wiki hupita. Huko kaskazini mwa Nigeria, madaktari wa miaka ya 1970 waliutilia shaka mtindo wa wazazi wa Kihausa wa kunywa uji wenye magadi kwa siku 40 na kulala juu ya vitanda vilivyopashwa moto, wakidhani ndio uliozidisha ugonjwa huo. Tafiti za baadaye hazikukubaliana juu ya lawama hiyo, lakini mzazi yeyote anayetweta akilala chali anahitaji eko na si kungojea arubaini iishe. Aliyepona ugonjwa huo asibebe mimba nyingine kabla ya kuongea na daktari wa moyo, kwa sababu unaweza kurudi ukiwa mkali zaidi.

Ziko hali ambazo haziwezi kutibiwa kwa mwiko wala kwa matembezi. Mgonjwa ambaye pumzi inamkatika akiwa ameketi, anayekohoa povu lenye rangi ya damu, anayezimia, anayeumwa kifua, au ambaye uzito wake umeongezeka kwa zaidi ya kilo 2 katika siku 3 na miguu inazidi kufura, asisubiri tarehe ya kliniki. Aende Hospitali Kuu ya Pwani au hospitali iliyo karibu naye siku hiyohiyo, akiwa na mtu wa kumshika mkono, na vidonge vyake vyote, hata vile alivyoviacha, viwemo ndani ya mfuko.